Mtu Wetu

"Usiku anayeamka ni nani?"

Roslyn Vickery aliuliza hivyo kabla hata hajagusa chai aliyotengewa. Narelle akamtazama mumewe. Stewart naye akatazama dirishani, ambako hakukuwa na la kutazama ila pikapu yake na maghala ya ngano ng'ambo ya reli.

"Tunaamka kwa zamu," Stewart akasema.

"Kwa zamu. Jana ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu," Narelle akajibu.

"Na juzi?"

Narelle akakoroga chai isiyokuwa na sukari. "Yangu pia."

Roslyn akaandika. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi za mvi, viatu vya mtu aliyezoea kutembea, na sura isiyojua kubembeleza. Alikuwa ameendesha gari asubuhi nzima kutoka mjini hadi hapa Kirrendale kwa sababu Narelle mwenyewe alimwita. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mpango wa serikali wa watu wenye ulemavu ulikuwa umempa Marnie fedha za kumlipa mratibu: mtu wa kutafuta wataalamu, kupanga saa zao, kuwafuata wapate kuandika ripoti zao, na kukaa na wazazi siku ya mapitio, pale serikali inapoamua mtoto apewe nini na anyimwe nini. Mratibu huchaguliwa na familia yenyewe. Nyumba hii ilikuwa na majina mawili tu ya kuchagua, na Roslyn alikuwa la kwanza.

Marnie mwenyewe alikuwa hapo hapo mezani, kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikuwa na miaka minane na mtindio wa ubongo uliomnyima mikono, miguu na ulimi, ukamwachia macho. Mbele ya macho hayo, kwenye mkono wa chuma uliofungwa kitini, ilikaa mashine yenye kioo kilichojaa picha. Marnie akikazia picha macho, mashine inatamka neno. Haikuwa yake. Bronte, mtaalamu wake wa usemi, aliileta kwa majaribio, akasema wazi kwamba baada ya mapitio ya mwezi wa tisa ama Marnie atapewa ya kwake moja kwa moja, ama hii itarudi ilikotoka. Ndiyo maana walitaka mratibu. Hakuna kingine walichokitaka sana kama hicho.

"Marnie," Roslyn akasema, "asubuhi unapenda nini?"

"Anapenda uji wa shayiri," Stewart akadakia, "na asali."

Roslyn akainua kidole, bila kumtazama. Basi wakakaa. Jamani, walikaa. Jokofu likanguruma likanyamaza. Stewart akakohoa. Narelle akaona aibu kwa niaba ya mwanawe, kama mzazi anayetazama mtoto akisahau shairi jukwaani, akataka kumsaidia. Macho ya Marnie yalikuwa yakipanda na kushuka kwenye kioo.

"Mbwa," mashine ikasema. Kisha baada ya muda: "Ndani."

Stewart na Narelle wakatazamana. Mbwa wao, Biscuit, alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba mwaka wa pili sasa, maana kila akiingia jikoni Marnie alipiga kelele na kujinyonganyonga kitini. Walisema anamwogopa. Walimfunga mbwa kwa huruma.

"Hajawahi kusema hivyo," Stewart akasema.

"Hakuwa na cha kusemea," Roslyn akajibu, akainuka. "Naomba nione bafu."

Hapo ndipo Narelle alipomchukia. Bafuni kulikuwa na kiti cha plastiki cha bustani, cheupe, alichokitoboa Stewart matundu ya kupitishia maji na kukifunga mkanda wa gari. Roslyn akakitikisa kwa mkono mmoja. Kikayumba.

"Unamnyanyua peke yako mpaka hapa?"

"Si mzito."

"Narelle, nimekuona ukiinuka mezani. Ulishika kiuno." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mgongo huo ukikataa, nani atamwogesha?"

Narelle akasema mgongo wake hauna neno. Akavuta pazia la bafu kukificha kile kiti, kana kwamba mgeni alikuwa hajakiona tayari.

Mlangoni Roslyn akawaambia la mwisho. "Siku ya mapitio mtaulizwa maswali kama haya haya. Mtatakiwa kuusema usiku wenu mbaya kuliko wote, si mchana wenu mzuri. Mkijikaza mbele ya wale watu, atakayelipa ni yeye."

"Sisi si watu wa kulialia," Stewart akasema.

"Najua. Nyote huku mko hivyo. Ndiyo maana nakwambieni."

Gari lake lilipotokomea, Stewart akaing'oa kofia yake msumarini. "Huyu katugeuza ombaomba ndani ya nyumba yetu," akasema. Narelle hakumbishia. Alikwenda kuimwaga ile chai ambayo haikunywewa, akaisugua birika mpaka ikang'aa, na birika haikuwa chafu.

*

Jina la pili lilikuwa Sherrie Tonkin, na Sherrie hakuhitaji kuonyeshwa njia. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kama watu wote wa Kirrendale, na bakuli la tambi za kuoka mkononi.

"Moto huo, angalieni. Marnie, mrembo wangu, umesuka? Nani kakusuka hivi? Ukitoka nje hivyo utawaua wavulana." Akambusu utosini, akavuta kiti, akajimiminia chai mwenyewe.

Sherrie alicheza netiboli na Narelle tangu shule. Mumewe alicheza mpira katika klabu ambayo Stewart, fundi wa matrekta siku za kazi, alikuwa mwenyekiti wake. Baba yake Stewart alipofariki, Sherrie ndiye aliyesimama kwenye jiko la klabu akatengeneza sandwichi za mazishi mpaka vidole vikamvimba. Sasa alikuwa amepata kazi katika kampuni moja ya huduma za walemavu: kampuni yenye wasaidizi wake, mabasi yake, matembezi yake ya vikundi, na waratibu wake, yeye akiwa mmoja wao.

"Kwa hiyo kila kitu kwenu hapo hapo," akasema Bibi Merle, mama yake Stewart, aliyekuwa akikunja nguo za Marnie kwenye kochi.

"Hapo hapo, Merle. Mtu mmoja, simu moja. Na simu yenyewe mnaijua."

"Na Bronte?" Narelle akauliza. "Bronte si wa kampuni yenu."

"Mpenzi, wewe usijichoshe na hayo. Ndiyo kazi yangu." Akaufunika mkono wa Narelle kwa wake. "Umebeba peke yako vya kutosha."

Ah, maneno hayo. Narelle alikuwa ameyangoja kwa miaka minane, na yalipokuja machozi yakamlenga. Hakuuliza zaidi. Sherrie hakuomba kuona bafu wala hakuuliza habari za usiku. Alikula tambi alizoleta mwenyewe, akawachekesha kwa habari za mwamuzi aliyeanguka matopeni Jumamosi, akaondoka.

"Huyo ndiye," Bibi Merle akasema. "Yule wa mjini mtamfanyia nini? Kaja kutupekua tu."

"Yule wa mjini alimsubiri Marnie mpaka akajibu," Narelle akasema, polepole. "Huyu hakumuuliza kitu."

"Alimsifia nywele."

"Nimemsikia, Bibi."

Stewart akaweka uma chini, akamgeukia mkewe. "Sherrie ni mtu wetu, Nell. Akikosea, tunajua nyumba yake ilipo."

Wote wakacheka. Na hapo, katika kicheko hicho, wakachagua. Wengi wangechagua hivyo hivyo, na nani awalaumu? Lakini Narelle alijua moyoni, na akajua kila siku baada ya hapo, kwamba hakumchagua Sherrie kwa sababu ya wema wake peke yake. Alimkataa Roslyn kwa sababu alikiona kile kiti cha bafuni, na hakutaka kukutana tena na macho yaliyokiona.

*

Mwanzoni hakuna kilichoharibika, na ndiyo ubaya wake. Biscuit aliingizwa ndani, akawa analala chini ya kiti cha Marnie, na Marnie akawa anapiga zile zile kelele ambazo sasa kila mtu alijua ni raha. Mashine ilisema "mbwa" mara nyingi hadi Stewart akadai waipunguze sauti. Msimu wa kupanda ulipita, mvua zikaja, klabu ikaanza mechi.

Bronte alisema tangu mwanzo kwamba anahitaji kuja nyumbani mara kwa mara, amfundishe Marnie kuunga maneno, awafundishe na wazazi kusubiri, kisha aandike ripoti ya kuthibitisha kwamba mtoto anaiweza mashine. Bila ripoti nzito hakuna mashine. Akaja mara mbili. Kisha hakuja. Narelle alipompigia, Bronte akasita.

"Saa zangu zimepunguzwa, Narelle. Mratibu wako kazihamishia kwenye matembezi ya kikundi. Nilidhani mmekubaliana."

"Ah. Ndiyo. Pengine tulikubaliana," Narelle akasema, maana aliona haya kukiri kwamba hajui linaloendelea nyumbani kwake.

Matembezi ya kikundi yalikuwa hivi: basi la kampuni lilimchukua Marnie kila Alhamisi hadi kwenye maduka makubwa ya mji wa pili. Siku moja Narelle alikuwa na safari ya huko kwa daktari wa meno, akawapitia. Aliwakuta wanne, wamepangwa kwa viti vyao mbele ya duka la simu, na msaidizi mmoja anakula pai ya nyama. Mashine ya Marnie ilikuwa kwenye mkoba, nyuma ya kiti, imezimwa.

"Tunaogopa isiibwe," msaidizi akasema kwa adabu.

Narelle akaifunga mashine mahali pake, akaiwasha. Marnie akaitazama kwa muda. "Nyumbani," mashine ikasema. "Nyumbani. Nyumbani."

Basi Jumamosi ile Narelle alikwenda klabuni amepiga moyo konde. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu bafuni: Sherrie, nataka saa za Bronte zirudi. Maneno mafupi tu. Alimkuta kwenye kibanda cha chakula, anageuza soseji, aproni imeandikwa jina la klabu, moshi machoni, foleni mbele yake.

"Sherrie, nataka tuongee kuhusu Bronte."

"Nell, mwenzangu, umeletwa na Mungu. Nishikie koleo hii nikafungue mikate." Na Narelle akashika koleo. Aligeuza soseji za watu hadi robo ya tatu kati ya robo nne za mchezo. Sherrie aliporudi alikuwa na kitabu cha tiketi za bahati nasibu ya nyama. "Nunua mbili, ni za jezi za watoto. Halafu hilo la Bronte, kampuni inatubana, unajua? Inataka saa zikae ndani. Lakini nitaongea nao. Niachie."

Angeweza kusema pale pale kwamba hataki kuacha. Watu walikuwa wanapita, wanampungia mkono, wanamuuliza mzee wa matrekta yuko wapi. Mume wa Sherrie alikuwa uwanjani, Stewart anamshangilia kwa jina. Kumgombeza Sherrie mahali kama pale ni kuigombeza Kirrendale nzima, na Jumamosi inayofuata utasimama wapi? Narelle akanunua tiketi mbili. Akashinda. Akarudi nyumbani na sinia la mbavu za kondoo.

"Vipi, umemwambia?" Stewart akauliza.

"Nimemwambia."

"Kasema?"

"Kasema tumwachie."

Stewart akazitazama mbavu. "Si unaona? Mtu akiwa wako, mambo yanakwenda." Na usiku ule wakazila, zikawa tamu kweli, na Narelle alitafuna kila tonge akijichukia.

Alipata wazo la kumwacha Sherrie na kumrudia Roslyn. Sheria ilimruhusu, hata sababu hakuhitaji kutoa. Alimgusia Stewart walipokuwa wakimgeuza Marnie kitandani.

"Umfukuze kazi Sherrie?" Stewart akasema kwa sauti ya chini. "Halafu nikae na mumewe kwenye kamati? Baba alipokufa ni nani alikuja hapa, Nell? Yule wa mjini alikuja?"

"Simfukuzi. Nabadilisha tu mratibu."

"Kwa mji huu hilo ni jambo moja."

Narelle akamfunika Marnie shuka. Tuseme ukweli, alifarijika kidogo kukatazwa.

*

Mapitio yalifanywa kwa simu, mezani jikoni, sauti imefunguliwa wote wasikie. Sherrie alikuja mapema na skonzi za kuoka, jamu na krimu, akakaa katikati yao. Ripoti ya Bronte ilikuwa imetumwa, fupi, maana Bronte hakuweza kuandika asiyoyaona. Marnie alikuwa kwa Bibi Merle. "Atachoka bure," Sherrie alishauri, "na ile mashine inachukua muda mno. Wale watu hawana subira."

Sauti ya simu ilikuwa ya kijana mpole, aliyejitambulisha kwa jina la Lachlan. Akauliza hali ya usiku.

Narelle alifungua mdomo. Alikuwa na usiku wa kusimulia. Ulikuwepo wa wiki iliyopita tu, alipokaa sakafuni bafuni na Marnie mapajani, wote wawili wameloa, kwa sababu mgongo ulimkamata akashindwa kumnyanyua, na hakumwita Stewart kwa kuwa angekuwa na kazi alfajiri. Lakini Sherrie alikuwa pale, anapaka krimu kwenye skonzi. Kumwambia Lachlan ni kumwambia Sherrie, na kumwambia Sherrie ni kuiambia timu nzima ya netiboli.

"Tunaamka kwa zamu," akasema.

"Na kumwogesha?"

"Hilo tumelitengenezea mpango wetu," Stewart akasema, na sauti yake ikapata kiburi kidogo. "Mimi ni fundi, bwana. Hatukosi namna."

"Wenyewe ni mashujaa hawa," Sherrie akaongeza, akiinamia simu. "Laiti familia zote zingekuwa kama hii."

"Vizuri sana kusikia," Lachlan akasema, na wakasikia akibonyeza herufi. "Sasa, naona kuna ombi la mashine ya mawasiliano. Nisaidieni kuelewa. Bila hiyo mashine, nyinyi na Marnie mnaelewana vipi?"

Swali ndilo hilo. Hakukuwa na jingine, na lilikuja kwa upole namna ile. Roslyn angekuwepo angeinua kidole, angemlazimisha asubiri. Narelle hakusubiri. Alisikia katika swali hilo kitu kingine kabisa. Alisikia kama anaulizwa iwapo anamjua mwanawe. Miaka minane wageni wa hospitali na wa shuleni walikuwa wanamuuliza hivyo, kila mmoja kwa maneno yake, na miaka minane alikuwa na jibu moja.

"Mimi ni mama yake," akasema. Sauti ilitetemeka kwa mapenzi. "Nikimtazama usoni tu, najua anachotaka. Sisi tunaelewana. Daima tumeelewana."

Sherrie akamshika mkono, macho yamemlowa. Stewart akaitikia kwa kichwa. Kwa nukta chache jikoni mle mlikuwa na fahari, fahari ya kweli ya watu waliobeba mzigo wao bila kumwomba mtu.

"Asante, Narelle. Hilo linasaidia sana," Lachlan akasema, na herufi zikabonyezwa.

Ni hapo tu, akiisikia ile sauti ya herufi, ndipo alipotambua alichokisema. Alimfikiria Biscuit, miaka miwili kwenye mnyororo. Akataka kusema ngoja, si hivyo, nimekosea. Lachlan alikuwa ameshahamia kwenye magurudumu ya kiti.

*

Jibu lilipokuja, Sherrie alilileta mwenyewe. Saa za matembezi zimeongezwa. Magurudumu yamekubaliwa. Mashine imekataliwa: familia inawasiliana na mtoto ipasavyo kwa njia zilizopo.

"Kwa ujumla si mbaya," Sherrie akasema. Safari hii hakuvuta kiti. "Wengine wamenyimwa hata basi."

"Mbona hukunizuia?" Narelle akauliza.

"Nikuzuie nini?"

"Nilipokuwa nasema. Ulikuwa umekaa hapa."

"Nell, ulisema vizuri. Mimi nililia." Na alikuwa anasema kweli, masikini, uso wake ulikuwa mweupe na haukuwa na ujanja. "Nina familia nyingi mno, Nell. Kampuni inanipigia simu kila jioni. Nilidhani nyinyi ndio nisiokuwa na haja ya kuwahofia."

Narelle akamtazama, akagundua kwamba hana hata hasira ya kumpa. Angekuwa mwizi au mwongo, mambo yangekuwa rahisi. Akamfungulia mlango wa wavu, wakaagana kama kawaida, shavu kwa shavu.

Alipompigia Roslyn alikuwa amejifungia ndani ya pikapu, uani. Alieleza yote kwa mkupuo. Roslyn akamsikiliza hadi mwisho, akajibu: "Rufaa ipo. Lakini itachukua miezi, na itabidi useme kinyume cha uliyoyasema. Watakuuliza ni lipi kati ya hayo mawili ndilo la kweli."

"Nitasema. Nitasema yote. Utanichukua?"

"Siwezi, Narelle. Nimejaa. Nikikuchukua wewe leo nitamwacha mwingine, na nikishamkubali mtu simwachi." Roslyn akavuta pumzi. "Nikipata nafasi nitakupigia. Pengine mwakani. Ile mashine mmeambiwa irudi lini?"

"Ijumaa."

"Basi mpaka Ijumaa mwacheni aseme," Roslyn akasema. "Msimkatize."

*

Walimwacha aseme. Stewart hakwenda klabuni wiki ile, na watu wakauliza. Walikaa jikoni wote watatu wakisubiri maneno. Waligundua kwamba hapendi asali. Waligundua kwamba taa ya ukumbini humuumiza macho. Ni kanuni ndogo ndogo za maisha ya mtu, na kila moja ilimchoma Narelle, kwa sababu angemwapia mtu yeyote kwamba anazijua.

Ijumaa Bronte alifika na kasha la mashine. Alikuwa mwanamke kijana na macho yake yalikuwa mekundu. "Kuna mvulana anaisubiri," akasema, kama anayeomba radhi. "Ningekuwa na uwezo..."

"Tunajua," Stewart akasema. "Si kosa lako, Bronte."

Narelle akapiga magoti mbele ya kiti. Alikuwa amemweleza Marnie tangu juzi, akamweleza tena: mashine ilikuwa ya kuazima, sasa inarudi, watajitahidi waipate nyingine. Marnie alisikiliza. Kisha macho yake yakaenda kwenye kioo, yakapanda, yakashuka, yakafungua ukurasa, yakaufunga, yakafungua mwingine. Mgongo wa Narelle ulikuwa unawaka moto naye hakusogea. Bronte alisimama na kasha mikononi.

"Marnie," mashine ikasema.

Wakangoja.

"Mbaya."

Wakangoja tena. Biscuit akapumua kwa nguvu chini ya kiti.

"Kwa nini."

Narelle hakuelewa mara moja. Alipoelewa, akashika uso wa mwanawe kwa mikono miwili. "Hapana. Hapana, mwanangu. Hujafanya kitu. Si adhabu. Wewe si mbaya, unanisikia? Ni mama aliyekosea. Niliulizwa nikajibu vibaya. Ni mimi."

Marnie akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Kisha macho yakaondoka usoni kwa Narelle na kurudi kwenye kioo, yakaanza tena, juu, chini, kando, haraka kuliko walivyowahi kuyaona yakienda. Alikuwa na jibu.

Stewart alikuwa amesimama nyuma ya kiti na bisibisi mkononi, machozi yanamchuruzika hadi shingoni. Alikuwa fundi, na ufundi wake wote ulimfundisha kwamba kinachouma kitolewe upesi. Hakuyaona macho ya binti yake. Kutoka nyuma hayaonekani. Akalegeza skrubu mbili, akauchomoa ule mkono wa chuma, akaiondoa mashine.

Macho ya Marnie yakabaki hewani, yanatafuta.

"Stewart," Narelle akasema, "alikuwa hajamaliza."